Mwalimu Aliyefunga Soko Jumapili

Sijawahi kumpenda Mwalimu, na sitajifanya leo kwa sababu nimeketi kuandika habari zake. Pale Matiliku watu humsimamia akipita. Wazee wa kanisa humwachia kiti cha mbele, wenye maduka humpelekea barua zao azinyooshe Kiingereza, na mume wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akimwona hutoa mikono mfukoni kama mtoto wa darasa la tatu. Mimi pia nilikuwa nasimama, maana nimelelewa, lakini moyoni nilibaki nimekaa.

Tuanze na ile sweta. Nyumbani kwake ni Mbooni, huko juu milimani ambako asubuhi mtu huona pumzi yake. Matiliku ni chini, na jua letu halina huruma na mtu. Mwalimu alishuka kwa boda boda akiwa na sweta nzito ya kijivu, akaingia nayo ofisini kwa mume wangu, akashinda nayo, akapanda nayo mlima jioni. Nilimwambia siku moja, "Mwalimu, si utoe sweta, utaumwa na kichwa." Akanijibu kwamba mwalimu havui nguo mbele ya watu. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na yeye anaendelea kunieleza habari za nidhamu.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu. Mume wangu, Mutinda, aliacha kazi yake Nairobi akarudi nyumbani kutengeneza programu aliyokuwa akiiota kwa muda mrefu. Ilikusanya bei za sarafu za mtandaoni, bitcoin na nduguze, kutoka masoko mengi kwa mpigo. Wateja wake hawakuwa watu kama mimi na wewe. Walikuwa ajenti wa AI, yaani programu zinazojiendesha zenyewe: ajenti anauliza bei, anapewa, anaamua kununua au kuuza, na hakuna mtu aliyemshika mkono. Lakini ajenti hajui namna ya kuuliza mpaka asome mwongozo. Kila swali lazima liandikwe humo: uliza hivi, utajibiwa hivi, ukikosea utaona hivi. Anachokisoma ndicho anachokiamini, kwa sababu hana kingine.

Kampuni moja ya ng'ambo ilikuwa imekubali kuijaribu. Ikiridhika, Mutinda angebaki Matiliku kwa raha zake, na binti yetu Mwende angekua akimwona baba yake mezani kila jioni. Isiporidhika, ni kurudi Nairobi na kutuonyesha uso kwenye simu. Hilo ndilo lililokuwa kwenye mizani. Na kazi ya kuandika mwongozo, ile kazi ambayo kila kitu kiliitegemea, mume wangu akaenda kumpa mzee aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, ambaye hakuwahi kushika bitcoin hata kwa ndoto.

"Hakuna mtu anaandika Kiingereza kama Mwalimu," akaniambia.

"Kiingereza cha nani? Hao ni ajenti, hawaandikiwi insha."

"Mama Mwende, huyo mzee ndiye alienda kwa principal kuniombea nafasi ya form one. Alienda na miguu. Nitamwambia nini?"

Hiyo ya kwenda kwa miguu ni kweli, na sitamnyang'anya. Alishuka mlima wote na viatu vyake vya kanisani kwa ajili ya mtoto asiye wake, akakaa nje ya ofisi ya mkuu wa shule mpaka akasikizwa. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi, nyingi zikiwa kutoka kwa Mwalimu mwenyewe.

Mimi nilikuwa mjaribu. Kazi yangu ilikuwa kuchukua kila kilichoandikwa kwenye mwongozo na kukiuliza kwenye programu, nione kama kinafanya kazi. Kwa hivyo mimi ndiye niliyetaabika na maandishi yake kuliko mtu yeyote duniani. Aliandika nyumbani, kwenye karatasi za foolscap, kwa wino wa buluu na vichwa vya habari kwa kalamu nyekundu, kisha akaja kuniwekea karatasi mbele yangu. "Mama Mwende, chapa." Hakuna tafadhali. Tafadhali zake zote alikuwa amewawekea ajenti kwenye mwongozo.

Siku za kwanza tu nikagundua kasoro. Mwongozo wa namna hii una utaratibu wake: unauliza programu swali, unangoja jibu, unalinakili jibu lenyewe kama lilivyo. Mwalimu alikuwa anajitungia majibu.

"Mwalimu, hii bei umetoa wapi?"

"Hiyo ni mfano."

"Lakini programu imejibu ingine. Ona hapa."

Akasogeza miwani. "Hiyo yake ilikuwa na desimali mbaya mbaya. Nimeisafisha."

Alisema hivyo bila aibu, kwa sauti ya mtu aliyepanguza meza. Nikamwita Mutinda. Mutinda akaangalia karatasi, akamwangalia Mwalimu, akasema pole pole kwamba kwa mifano si mbaya sana, bora bei halisi zinatoka kwenye programu. Nilimtazama mume wangu nikatamani kumfinya.

Ili uelewe desturi hiyo ilitoka wapi, lazima ujue habari ya rekodi ya kazi. Shuleni kila mwalimu hujaza kitabu cha kuonyesha wiki hii amefundisha nini na watoto wameelewa kiasi gani, ili mkaguzi akija akute. Mwalimu alisifika wilaya nzima kwa rekodi zake. Wenzake wakihangaika kujaza usiku wa kuamkia ukaguzi, yeye alikuwa ameshajaza mpaka mwisho wa muhula, kabla hata chaki haijaisha kwenye paketi. Somo limefundishwa. Wanafunzi wameelewa. Alikuwa na msemo wake aliopenda kuurudia huku akipigapiga karatasi kwa kidole: "Kitu kikiandikwa vizuri, kimeshafanyika."

Kisa alichokipenda zaidi ni cha Tseikuru. Aliwahi kupelekwa kufundisha kule, mwisho wa Kitui, mahali ambapo mifugo ndiyo kila kitu. Kiangazi kilipokaza, watoto waliondoka na ng'ombe kutafuta maji, darasa likabaki na madawati. Mwalimu hakuondoka. Aliingia darasani kila asubuhi na sweta yake, akaketi, akajaza rekodi: somo limefundishwa, wanafunzi wameelewa. Mwaka ulipoisha akapewa barua ya pongezi. Alitusimulia haya wakati wa chai ofisini, akicheka kwa furaha, kama ushahidi kwamba mtu anaweza kufanya kazi katika mazingira magumu. Mutinda alicheka naye. Mimi niliangalia kikombe changu na kufikiria madawati.

Sasa mchukue mtu huyo umwambie awaandikie ajenti. Mkaguzi hufungua ukurasa wa kwanza, husifu mwandiko, hunywa chai, huenda zake. Ajenti husoma kila mstari na kuutii. Nilijaribu kumweleza tofauti hiyo. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, halafu akasema, "Basi hao ndio wanafunzi nimekuwa nikiomba Mungu."

Aliwaita hivyo, wanafunzi. Alisema ni wanafunzi wasio na mama wa kuja kulalamika shuleni. Aliwaandikia utangulizi mrefu juu ya subira na uaminifu, na tulipofanya jaribio letu wenyewe, ajenti akaanza ripoti yake kwa kushukuru kwa mawaidha. Mwalimu alinifanya nimsomee shukrani hiyo tena na tena. Siku hiyo ndipo aliponiambia, akiwa anachungulia nje kwenye magunia ya mbegu, kwamba tangu astaafu hakuna mtu aliyesoma kitu chake mpaka mwisho. Nilikaribia kumwonea huruma. Halafu akaniuliza kwa nini nimesahau koma kwenye ukurasa wa pili, huruma ikaniisha.

Kanisani alikuwa mtu mwingine kabisa. Wakati wa matangazo alisimama na kuonya vijana. "Mmewacha jembe mnalima bitcoin! Hiyo ni kamari imevaa tai!" Waumini wakaitikia amina, Mutinda akiwemo, na kesho yake Jumatatu mhubiri na mkulima wa bitcoin wakakaa meza moja kuandika habari za bitcoin. Mshahara aliukataa mbele ya watu. Hela za kamari hachukui, akasema, na habari hiyo ikafika Mbooni kabla yake. Baadaye akamnong'oneza Mutinda kwamba paa lake linapoteza maji mengi ya mvua, na kama kuna mtu angependa kumshukuru mzee kwa njia ya tangi, yeye si mtu wa kukataa shukrani. Tulimnunulia tangi jeusi kubwa. Alilipokea kwa maombi.

Sasa nifike kwenye Jumapili.

Kwenye sehemu ya saa za soko, Mwalimu aliandika kwa Kiingereza chake safi maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: Soko hufungwa Jumamosi jioni na kufunguliwa Jumatatu asubuhi, siku ya Jumapili ajenti asiombe bei wala asitoe agizo lolote, bali asubiri. Niliposoma nilidhani ni mzaha. Soko la sarafu hizi halina mlango wa kufunga. Linauza usiku na mchana, Krismasi na Pasaka.

"Mwalimu, hii ya Jumapili si kweli."

"Ni kweli."

"Umejaribu?"

"Mimi nimejaribu Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili hakuna kitu nimeona."

"Hukuona kwa vile hukufungua kompyuta!"

"Jumapili mimi sifungui mashine, Mama Mwende. Unajua."

Nikavuta kompyuta nikamwonyesha bei za nyuma, zimepangwa kwa tarehe, Jumapili zote zikiwemo. Akaziangalia kwa makini. Nilidhani nimempata.

"Hizi ni za Jumamosi," akasema. "Zimechelewa kufika, network ya huku unaijua."

"Basi kesho baada ya kanisa nipigie simu, nikusomee bei ikibadilika."

"Unataka nivunje sabato kwa simu?" Akatoa miwani, akaipanguza na ncha ya sweta. "Soko gani halilali? Niambie moja. Matiliku hulala. Wote hulala. Hata Mungu alipumzika, sembuse hawa wa bitcoin. Chapa hivyo."

Hapo ndipo unapoona ujinga uliosoma. Mjinga wa kawaida ukimwonyesha kitu, ataona kitu. Huyu alikuwa na jibu kwa kila ushahidi, na majibu yake yalikuwa na koma mahali pake.

Nilimwendea Mutinda. Alikuwa kwenye veranda anatengeneza baiskeli ya Mwende. Nikamwambia ule mstari utoke leo, kwa sababu ile kampuni ilikuwa imeweka sharti: ajenti wao watapewa mwongozo tu, bila msaada wa binadamu, na ukishakabidhiwa haugusiki mpaka majaribio yaishe.

"Nitamwambia," akasema.

"Usimwambie. Futa tu."

Akainua uso kana kwamba nimemwambia ampige mzee kofi. "Mwalimu hasahihishwi, Mama Mwende. Nitaongea naye, yeye mwenyewe atabadilisha."

Hakuongea naye. Najua, kwa sababu mwongozo ulikwenda na mstari wake umekaa palepale, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Majaribio yalianza vizuri. Ajenti waliuliza, programu ikajibu, kampuni ikatuma ujumbe wa furaha. Mutinda alianza kupima pale ambapo angeongeza chumba cha watoto. Halafu Jumapili moja tulitoka kanisani, tukala, akafungua kompyuta ili aone tu. Bei zilikuwa zinaporomoka. Kila soko duniani lilikuwa linauza kwa haraka, na programu ya mume wangu ilikuwa inazikusanya bei hizo moja moja bila kukosea. Na ajenti wote wamekaa kimya. Tulifungua kumbukumbu zao, kila mmoja ameandika jambo lile lile: soko limefungwa leo, nasubiri Jumatatu.

Pesa zenyewe zilikuwa za majaribio, hakuna aliyepoteza hata shilingi. Lakini ajenti kufanya kazi wenyewe siku kama hiyo ndilo jambo lililokuwa likijaribiwa. Mutinda alikaa na mikono katikati ya magoti akiangalia kazi yake ikifanya kila kitu sawa bila mtu wa kuiuliza, na Mwende akaja akamuuliza kama baiskeli imepona. Nilitoka nje nikasimama karibu na banda la kuku, nikamtukana Mwalimu kwa Kikamba, matusi ambayo mama yangu hajui kwamba nayajua.

Kampuni ilituandikia kwa adabu. Data ilikuwa nzuri, walisema, lakini ajenti hawakuamka siku waliyohitajika, kwa hivyo hawataendelea. Wakaongeza kwamba mwongozo uliandikwa kwa lugha safi kuliko miongozo yote waliyowahi kupokea. Na unajua mume wangu alifanya nini na ujumbe huo? Alipanda Mbooni akamsomea Mwalimu ile sentensi ya mwisho peke yake. Halafu akafunga ofisi na kurudi Nairobi. Siku ya kuondoka nilimwuliza kama ule mstari ameutoa, angalau akipata mteja mwingine. Akaniambia nisijali, ameshaushughulikia. Sasa huja mwisho wa mwezi, na Mwende humwonyesha michubuko ya baiskeli ambayo ilishapona.

Nilikutana na Mwalimu tena hivi karibuni. Kanisa letu lilialikwa ibada ya pamoja kule Mbooni, na tulipotoka akaniona kwenye umati. Amezeeka, sweta inamwelea mabegani. Akasisitiza nikanywe chai kwake, na chai ya Mwalimu haikataliwi. Tangi letu jeusi lilikuwa pembeni ya nyumba limejaa, na sebuleni juu ya kitambaa cha meza ulikuwa mwongozo wetu, umechapishwa na kuwekwa kava la khaki kama kitabu cha shule. Mkewe aliniambia kila mgeni huonyeshwa.

"Mutinda hajambo huko Nairobi?" akauliza. "Kazi yetu imemfungulia mlango."

Nikasema hajambo.

"Na wale wanafunzi? Bado wananisoma?"

Nikatoa simu. Ajenti tuliyemtumia kwa majaribio yetu ya ofisini bado ninaye humo, na bado husoma mwongozo ule ule mtandaoni. Ilikuwa Jumapili mchana, na nilitaka Mwalimu aone kwa macho yake, mbele ya chai yake, bei ikitembea siku ya Bwana. Nikaandika: nipe bei ya bitcoin sasa hivi.

Jibu likaja. Soko limefungwa leo. Tafadhali subiri mpaka Jumatatu.

Mwalimu alikuwa amesogea kuchungulia. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Unaona? Huyo ndiye mwanafunzi!"

Mimi sikuwa nikimwona tena. Nilikuwa namwona Mutinda. Alipoteza kampuni, akapoteza ofisi, akatupoteza sisi siku zote za wiki, na bado hakuthubutu kugusa mstari wa mwalimu wake. Nilikuwa na hasira iliyokosa pa kukaa, nusu yake ya mzee huyu na nusu ya mtu ninayempenda.

Nywila ya mwongozo ninayo tangu nikiwa mjaribu, ila kufuta nilikuwa nimemwachia Mutinda. Nikafungua ule ukurasa palepale.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nasahihisha, Mwalimu."

Nikaufuta mstari wake. Nikauliza swali lile lile, na safari hii bei ikaja, na desimali zake mbaya zote. Nikauliza tena, ikawa imebadilika. Nikamgeuzia simu. Alisita, kwa sababu ya siku yenyewe, kisha akavaa miwani.

"Hii ni ya leo?"

"Ni ya sasa."

Mkewe aliingia na mandazi, akaona nyuso zetu, akarudi jikoni nayo.

"Mutinda alijua?"

"Alijua."

"Na huko Nairobi ameenda kwa kazi gani?"

"Ile aliacha, Mwalimu. Amerudi kwa ile ile aliacha."

Alivuta ule mwongozo wa kava la khaki, akafungua sehemu ya saa za soko, akapapasa mfuko wa sweta mpaka akapata kalamu nyekundu, akaiweka katikati yetu juu ya kitambaa.

"Nionyeshe kosa linaanzia wapi," akasema.

Sikumhurumia. Nilivuta kiti, nikachukua kalamu, nikaanza na Jumapili.